Dawa za Kichina pamoja na za hospitali: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Mitishamba haina kemikali, haiwezi kugombana na dawa ya hospitali.”

Hii ndiyo ninayoisikia kuliko zote, na ndiyo inayonitia hofu zaidi. Chukua danshen, mzizi mwekundu ambao matabibu wa Kichina wameutumia kwa karne nyingi kutibu moyo na mzunguko wa damu. Sasa mfikirie mgonjwa ambaye moyo wake haupigi kwa mpangilio. Anameza warfarini kila jioni ili damu isigande na kumletea kiharusi. Dozi yake hupangwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, ambacho kwa wagonjwa wengi wa aina yake kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Anaanza kunywa danshen akiamini anausaidia moyo uleule. Baada ya muda fizi zinavuja damu akipiga mswaki, mapajani yanatokea mabaka ya zambarau, na INR imepanda kupita kiasi, kwa sababu danshen huiongezea warfarini nguvu.

Ubaya haujaishia hapo. Daktari asiyeambiwa chochote atapunguza warfarini. Siku mgonjwa akimaliza pakiti yake ya danshen asinunue nyingine, dozi iliyopunguzwa haimtoshi tena, na damu inaweza kuganda. Daktari alifanya hesabu sahihi, ila namba moja alifichwa. Danggui, mzizi mwingine wa Kichina, nayo huweza kuongeza hatari ya kutoka damu, na ginseng huweza kufanya kinyume, yaani kuipunguza makali warfarini. Kama mmea una nguvu ya kutibu, una nguvu ya kudhuru pia.

“Tenganisha kwa saa mbili tu, hakuna shida.”

Saa mbili husaidia pale ambapo vitu viwili vinanasana tumboni kabla ya kufyonzwa. Migongano mingi hutokea baada ya hapo: kwenye vimeng’enya vya ini vinavyovunjavunja dawa, kwenye figo, au kwenye damu yenyewe. Gancao, mzizi mtamu unaotiwa katika michanganyiko mingi sana ya Kichina, ukitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu huufanya mwili ushike chumvi na kupoteza potasiamu. Mwenye presha anayetumia vidonge vya kukojoza maji naye hupoteza potasiamu kwa njia hiyo nyingine. Akiwa anatumia na digoksini ya moyo, upungufu huo unaweza kuvuruga mapigo vibaya sana. Ameze moja asubuhi na nyingine usiku, potasiamu inashuka vilevile.

“Tiba ya Kichina ni imani tu, hospitali haina cha kujifunza kwake.”

Wanaosema hivi hukosea kwa upande wa pili. Tu Youyou, mtafiti wa Beijing, alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika mradi wa serikali ya China ulioanza mwaka 1967. Mmea wa qinghao ulikuwa ukitoa matokeo ya kuyumba. Aliporudia maandishi ya Ge Hong, tabibu wa Kichina wa karne ya 4, aliona kwamba mmea ule ulilowekwa majini na kukamuliwa, haukuchemshwa. Akahisi kwamba moto ndio ulioua dawa, akabadilisha njia na kutumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Mwaka 1971 kimiminika alichokipata kikawaondolea panya vimelea vyote. Artemisinini ikazaliwa, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Mfano mwingine ninaoupenda zaidi, maana ni muungano wa kweli, ni ule wa aseniki. Madaktari wa Harbin, mji wa China, waliichukua sumu hii ya kale kutoka katika tiba za kienyeji katika miaka ya 1970, wakaijaribu dhidi ya aina moja kali ya saratani ya damu. Leo inatolewa pamoja na asidi ya retinoiki, dawa ya hospitali ya jamii ya vitamini A, na ugonjwa uliokuwa ukiua haraka unapona kwa wagonjwa wengi sana. Lakini angalia: katika visa vyote viwili kilichofika kwa mgonjwa ni kitu kilichotambuliwa na kupimwa dozi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya majani ya qinghao kama tiba ya malaria, ingawa artemisinini ilitoka humo.

“China kwenyewe wanachanganya, na mimi nichanganye.”

Hospitali nyingi za China hutoa tiba zote mbili, ni kweli. Huko mara nyingi maagizo yote huandikwa katika faili moja, na anayeongeza mzizi anaona vidonge vilivyotangulia. Hata hivyo kinga hiyo ina mipaka. Huko Japani, ambako nako madaktari huandika tiba zote mbili, mchanganyiko maarufu wa mitishamba ya ini, unaoitwa sho-saiko-to, ulihusishwa na aina mbaya ya nimonia, na mwaka 1996 serikali ilitoa onyo la dharura baada ya vifo. Kuutumia pamoja na interferoni, dawa ya hospitali ya homa ya ini, kulikuwa kumeshapigwa marufuku.

Akupancha, yaani tiba ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, ni habari nyingine. Sindano haziingizi dawa mwilini, na zinaweza kupunguza kichefuchefu baada ya upasuaji. Mwenye warfarini amwambie mchomaji kabla hajalala kitandani.

“Jina limeandikwa kwenye pakiti, basi najua ninachokunywa.”

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene huko Ubelgiji iliwapa wanawake vidonge vyenye dawa za hospitali pamoja na mitishamba ya Kichina. Mzizi uliokusudiwa uliitwa fangji. Uliowekwa ni guangfangji, wenye asidi ya aristolokia, ambayo ni sumu kwa figo. Zaidi ya watu 100 waliharibika figo, na baadaye wengi wao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Silabi moja ya jina!

Kuna na vidonge vya “mitishamba” ambavyo ndani vina dawa za hospitali. Ganmaoling ya mafua huwa na paracetamol, na xiaoke ya kisukari ina glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari. Maelezo yako kwenye pakiti, mara nyingi kwa Kichina. Anayeongeza paracetamol yake juu ya ile anazidisha dozi bila kujua, na ini ndilo linaloumia.

Kwa hiyo ukienda kliniki, beba pakiti yenyewe, si jina ulilokariri. Kama umepangiwa upasuaji, taja kila mzizi wiki mbili kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Na kama tayari unachanganya, usiache warfarini wala mzizi kimyakimya. Sema leo, ili INR ipimwe upya wakati mabadiliko yanafanyika.