Kisukuku cha Mwisho Si Mnyama wa Mwisho

Kuna swali ambalo huniijia mara kwa mara kuhusu kutoweka kwa dinosaria: ikiwa kimondo ndicho kilichowamaliza, mbona mifupa yao huadimika kabla hujafika kwenye tabaka la kimondo chenyewe, ule mstari wa udongo ulioachwa mwambani kilipoanguka? Si wangejaa mpaka kwenye mstari? Swali ni zuri, na liliwashughulisha wataalamu kwa miaka mingi. Jibu lake limo zaidi katika namna visukuku vinavyopatikana kuliko katika namna wanyama walivyokufa.

Mnyama akifa, kwa kawaida haachi chochote. Wanyama walao mizoga humtawanya, bakteria humaliza kilichobaki, jua na mvua hupasua mifupa. Ili awe kisukuku, sharti afunikwe upesi na mashapo, mashapo yagande kuwa mwamba, mwamba udumu mamilioni ya miaka bila kumomonyoka, kisha ujitokeze juu ya ardhi mahali ambapo mtu mwenye nyundo atapita. Spishi iliyokuwa adimu yaweza kuishi miaka laki kadhaa na tusipate hata jino lake moja. Kwa hiyo kisukuku cha juu kabisa katika mwamba hakitupi siku ambayo spishi ilikoma. Kinatuambia tu kwamba wakati ule ilikuwa bado ipo.

Mwaka 1982 wataalamu wa visukuku Philip Signor na Jere Lipps walieleza matokeo ya jambo hili. Chukulia kuna spishi mia katika bahari moja, na zote zinakufa kwa mpigo. Zilizokuwa tele utazikuta hadi chini tu ya mstari. Zilizokuwa chache, moja utaipata mara ya mwisho mita mbili chini yake, nyingine mita tano, nyingine kumi. Ukizichora kwenye chati utaona zinapukutika taratibu, moja baada ya nyingine, ilhali zilikufa pamoja.

Amonaiti ni mfano ninaoupenda zaidi. Hawa walikuwa jamaa wa ngisi na pweza, wenye gamba lililojisokota. Miaka ya mwanzo ya 1980, mtaalamu wa visukuku Peter Ward aliwatafuta kwenye majabali ya pwani ya Zumaia, Uhispania, na wa mwisho aliowapata walikuwa takriban mita 10 chini ya mpaka wa mwisho wa kipindi cha Kretasia, yaani ule mstari wa kimondo wa miaka milioni 66 iliyopita. Ilionekana kwamba walikwisha mapema. Msako ulipoendelea, pamoja na katika miamba ya umri uleule kwenye pwani ya Ufaransa, amonaiti wakaanza kupatikana karibu kabisa na mpaka. Mwamba ulikuwa uleule. Kilichoongezeka ni macho na saa za kutafuta. Dinosaria nao walikuwa na pengo lao huko Montana, Marekani, la kama mita 3 zisizo na mifupa. Mwaka 2011 ikatangazwa pembe ya dinosaria wa jamii ya Triceratops iliyokutwa sentimita 13 tu chini ya mpaka.

Ukitaka kuona kifo cha ghafla bila ukungu huu, acha mifupa mikubwa, chukua hadubini. Foraminifera ni viumbe wa seli moja wanaojijengea gamba la chokaa, na kipande kidogo cha mwamba kinaweza kubeba maelfu yao. Karibu na mji wa Gubbio, Italia, kuna korongo ambako tabaka za chokaa zimesimama wazi. Katika tabaka la juu la Kretasia unawaona kwa lenzi ya mkononi: wanono, wenye vyumba vingi, wengine wakikaribia milimita moja. Juu yake kuna udongo wa mfinyanzi wa unene wa sentimita moja hivi. Baada ya udongo huo chokaa inaendelea, lakini wale wakubwa hawapo tena. Wamebaki vijitu vidogo mno ambavyo bila hadubini huvioni. Kutokana na spishi chache zilizopenya hapo ndipo foraminifera waeleao wa bahari za baadaye walipotokea. Ni ndani ya udongo huo ambamo Luis na Walter Alvarez, pamoja na Frank Asaro na Helen Michel, walipata iridiamu, metali iliyo adimu ardhini lakini nyingi katika vimondo, mara 30 kuliko kawaida, wakaitangaza mwaka 1980.

Kwa spishi adimu tunalazimika kupiga hesabu. Tuseme umeipata spishi katika viwango 5 tofauti ndani ya mita 10 za mwamba, na vimetawanyika bila mpangilio. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba umefika mwisho wake, inabidi uongeze mita 11 hivi juu ya kisukuku cha mwisho. Ungeipata katika viwango 20, nyongeza ingeshuka hadi mita 1.7. Chati isiyoonyesha nyongeza hiyo mimi huisoma kwa mashaka, hata kama imechorwa na mtu ninayemheshimu.

Pengo linaweza kuwa kubwa ajabu. Samaki wa kundi la silikanti hawana visukuku tunavyovijua vya baada ya Kretasia, lakini mwaka 1938 mmoja alivuliwa akiwa hai karibu na East London, Afrika Kusini. Wanakaa kwenye miteremko ya mawe baharini, kwenye kina kirefu, mahali ambapo mashapo ya kuhifadhi mifupa ni haba. (Na si samaki yuleyule wa zamani: Latimeria, silikanti wa leo, ni jenasi yake yenyewe, iliyoendelea kubadilika kimyakimya muda wote huo.)

Lakini si kila pengo ni la uongo. Katika majabali yaleyale ya Uhispania na Ufaransa wapo inoceramidi, makombe ambayo baadhi ya jamaa zake yalizidi mita moja kwa upana. Yalikuwa mengi, na vipande vya magamba yao ni rahisi kuvitambua, kwa hiyo ukosefu wao una uzito. Hesabu ileile ya nyongeza ilipofanywa mwaka 1996, amonaiti wengi walisogea hadi mpakani, lakini inoceramidi walibaki chini sana. Wao walikuwa wamekwisha zamani, kabla kimondo hakijafika.