Je, wajua kwa nini vifaranga wa koo mmoja hutoka kila mmoja na sura yake?

Wiki chache baada ya koo kutotoa, manyoya ya vifaranga yakianza kuota, ndipo maneno yanapoanza uani. Hapa Tanga, iwe Ngamiani au Makorora, watu hupenda kuwagawia vifaranga baba. Yule shingo tupu ni wa jogoo wa barabara ya 12. Yule mwenye manyoya yaliyopinda hajulikani alikotoka. Kisha kuna mmoja anayeota manyoya meupe pe, na mama yake ni mweusi, jogoo wa nyumbani ni mwekundu, wala mtaa mzima hauna kuku mweupe.

Lawama humwangukia jogoo wa jirani. Mara nyingi ni lawama ya haki, lakini si mara zote. Na kabla hujamfikia jogoo, ni vizuri kwanza kuuliza kama huyo koo ndiye mama.

Koo wa kienyeji hawana wivu wa kiota. Wawili au watatu hutaga kwenye tenga moja, na wa kwanza kushikwa na hamu ya kuatamia huyalalia yote. Mwenye nyumba naye huongeza mayai mawili matatu aliyopewa na shoga yake wa Chumbageni, wiki tatu baadaye akawaita wote watoto wa koo mmoja. Kuna njia rahisi ya kugundua: yai moja huchukua zaidi kidogo ya saa 24 kutengenezwa ndani ya mwili wa kuku, kwa hiyo ukikuta mayai mapya mawili kwenye kiota siku hiyo hiyo, wametaga kuku wawili. Tena kila koo ana yai lake. Rangi ya ganda na umbo havibadiliki sana, na anayeokota mayai kila siku hujifunza upesi kuyatofautisha. Andika alama kwa penseli tangu siku lilipotagwa.

Sasa tuje kwa jogoo. Koo akipandwa mara moja, mbegu za kiume haziishii kwenye yai la kesho. Ndani ya njia yake ya uzazi kuna mikunjo midogo inayozihifadhi zikiwa hai, na kila siku yai jipya linaposhuka, chache hutoka kwenda kulirutubisha. Hifadhi hiyo hudumu wiki mbili, pengine hata tatu. Ndiyo sababu koo aliyetengwa na jogoo huendelea kwa siku kadhaa kutaga mayai yanayototoleka. Na akiwa amepandwa na majogoo watatu ndani ya wiki moja, tenga moja la mayai linaweza kuwa na baba watatu, huku mbegu za aliyempanda karibuni zikiwa na nafasi kubwa zaidi.

Koo naye si kwamba hana kauli. Mwaka 2000, Tommaso Pizzari na Tim Birkhead walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba koo aliyepandwa kwa nguvu na jogoo mnyonge wa kundi anaweza kuzitema mbegu zake mara tu baada ya tendo. Kwa hiyo yule pora unayemwona akiwakimbiza koo mchana kutwa huenda hana mtoto hata mmoja.

Haya yote yanaeleza kishingo wa barabara ya 12. Yule mweupe hayamwelezi.

Kila kifaranga hupokea nusu ya vinasaba kwa baba na nusu kwa mama, na baadhi ya vinasaba hukaa kimya visipopata mwenzao. Kuna weupe wa namna hiyo: kuku mweusi anaweza kuubeba maisha yake yote bila kuwa na unyoya mmoja mweupe. Akikutana na jogoo mwekundu anayeubeba pia, kifaranga mmoja kati ya wanne, kwa wastani, atarithi kwa pande zote mbili na kuwa mweupe. Huenda kuku wa mwisho mweupe kwenye ukoo huo alichinjwa wakati wa bibi. Robo hiyo lakini ni hesabu ya vifaranga wengi. Katika wanane usishangae kuona watatu, au usione hata mmoja.

Kuku wana nafasi yao katika elimu hii. Sheria za urithi alizozitoa mtawa Gregor Mendel mwaka 1866 zilitokana na njegere, na ilibaki swali kama zinawahusu wanyama. Mwaka 1902 William Bateson wa Cambridge, Uingereza, alionyesha kuwa zinawahusu, na mnyama aliyemtumia alikuwa kuku. Miongoni mwa aliyoyafuatilia ni undu, ule upanga mwekundu wa kichwani, jinsi unavyorithiwa. Chochote alichokiona kinatokea pia nyuma ya jiko lako, ila wewe huna daftari.

Kishingo ndiye ninayetaka kukaa naye kidogo, kwa sababu nadhani anadharauliwa bure. Watu humwona kama kuku mgonjwa, na wapo wasiomkaribisha kabisa bandani. Utupu wa shingo yake hautokani na ugonjwa wala kudonolewa. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Roslin, Edinburgh, walieleza kisa chake: kinasaba kiitwacho BMP12 hufanya kazi kupita kiasi na kuzuia manyoya yasiote. Ngozi ya shingo hudhurika kuliko ya mgongo kwa kuwa yenyewe hutengeneza asidi inayotokana na vitamini A, ambayo huzidisha nguvu ya kinasaba hicho. Vishingo wa Mexico, Ufaransa na Hungary walipopimwa, wote walikutwa na badiliko lile lile.

Kinasaba hiki hakinyamazi. Kimoja tu kinatosha kumvua kuku shingo, na ukimtazama vizuri utajua anavyo vingapi: mwenye kimoja ana kishada cha manyoya mbele, chini ya shingo karibu na kifua, mwenye viwili shingo ni tupu kabisa, au ina vijinyoya vya kuhesabika. Ukimpandisha jogoo mwenye kishada na koo wa kawaida, nusu ya vifaranga watakuwa vishingo. Jogoo kishingo asiye na kishada, vifaranga wake wote watakuwa vishingo, kwa koo yeyote. Na vishingo wawili wenye vishada wanaweza kabisa kuzaa mtoto mwenye shingo ya kawaida. Hapo hakuna jogoo wa jirani wa kulaumiwa.

Faida yake inaonekana wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, Tanga ikiwa jua na unyevu kwa pamoja. Kuku hana tezi za jasho. Joto lake la kawaida ni nyuzi 41 hivi, na akizidiwa hana la kufanya ila kuachama, kutweta na kutanua mabawa. Mwenye vinasaba viwili vya kishingo ana manyoya pungufu kwa kati ya asilimia 30 na 40 ya mwenzake, na joto hutoka mwilini kupitia ngozi hiyo tupu. Manyoya yenyewe ni protini, hivyo chakula ambacho kingeota manyoya huweza kujenga nyama. Kwa mfugaji wa pwani, mimi ningetafuta jogoo kishingo kabla ya kutafuta jogoo mzuri wa sura.

Kidimu, yule mwenye manyoya yaliyogeuka kuelekea nje, naye anahitaji kinasaba kimoja tu, na kwake viwili ni balaa. Ukipandisha kidimu kwa kidimu, karibu robo ya vifaranga huota manyoya dhaifu yanayokatika ovyo, wakabaki karibu uchi mvua ikinyesha. Kidimu apandishwe na kuku wa kawaida. Kibutu, asiye na mkia, hana neno zaidi ya kwamba manyoya yanayofunika tupu yake huzuia mbegu zisifike. Yapunguze kwa mkasi.

Lakini anayewatia watu hasara bila kujijua ni kibete mwenye miguu mifupi. Kinasaba cha namna moja ya ubete huo kikiwa viwili humuua kifaranga ndani ya yai, siku za mwanzo kabisa za kuatamiwa. Kibete kwa kibete, basi, robo ya mayai haitoki. Mwenye nyumba anapasua viza, analaumu radi, analaumu koo kwamba hajui kulalia. Siku ya saba mulika mayai usiku kwa tochi ya simu: lenye mishipa iliyotanda liko hai, lenye duara la damu tu limekufa.

Swali la jogoo au mtetea huulizwa kila mara, na jibu la mtaani ni kwamba yai lenye ncha kali hutoa jogoo. Si kweli. Umbo la yai hutokana na jinsi linavyobanwa njiani, wakati jinsia ya kifaranga ilishaamuliwa kabla kiini hakijaanza safari. Tena anayeiamua ni koo. Jogoo ana kromosomu mbili (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba vinasaba) za aina moja, Z na Z. Koo ana Z na W, na ile atakayoitoa ndiyo inayoamua. Kwa sababu hiyo kuna mpandisho mmoja unaokuonyesha majogoo siku ile ile wanapotoka: jogoo mwekundu juu ya koo mwenye manyoya meusi yenye mistari myeupe. Kinasaba cha mistari kimo kwenye Z, kwa hiyo koo huwapa mistari watoto wa kiume peke yao. Vifaranga wote huwa weusi, na wenye doa jeupe utosini ni majogoo. Kinyume chake, jogoo wa mistari kwa koo mwekundu, hakikuambii kitu. Na kwa kuku wa mtaani waliochanganyika, hakikisha kwanza baba hana mistari.

Kuhusu kroila nitasema machache. Kuku hawa, Kuroiler kutoka India na wenzao Sasso wa asili ya Ufaransa, ni machotara. Ukubwa wao umetokana na kukutanishwa kwa nasaba mahususi za wazazi. Ukichukua mayai yao ukayatotolesha, vinasaba vinagawanyika upya: huyu mkubwa, yule mdogo, na wengi hawataki kuatamia. Anayekuuzia "wazazi wa kroila" kutoka bandani kwake anakuuzia bahati nasibu.

Anayetaka kuku wakubwa wanaojilelea wenyewe ana kuchi. Ni mrefu, kasimama wima, undu umelala chini, manyoya haba, na ugomvi hauishi. Jogoo kuchi kwa koo wa kawaida wanane hadi kumi atabadilisha kundi lako kwa uzao mmoja. Mayai chagua ya koo anayelea vizuri, maana hata hamu ya kuatamia hurithiwa. Baada ya mwaka huyo jogoo atakuwa anawapanda binti zake, mayai yaanze kutototoleka na vifaranga wawe dhaifu. Badilishana mapema na mtu wa Pongwe, Muheza au Pangani. Wa mtaa wa pili hakusaidii, huenda ni ndugu yake. Mgeni akae peke yake wiki mbili, apate tone la chanjo ya kideri jichoni, ile inayorudiwa kila miezi mitatu. Wa zamani akishaondoka na mgeni akaingia bandani, subiri wiki tatu ndipo uanze kuweka mayai ya kuatamiwa. Ya wiki hizo tatu kaanga, baba yao hajulikani.