Je, wajua kwa nini mfuniko wa giaboksi ya trekta kuukuu hugoma kutoka hata bolti zikiisha kufunguliwa?

Bolti zote ziko chini, mfuniko haujatikisika hata kidogo. Wengi hulaumu kutu. Mara nyingi, kinachoshika zaidi ni gasketi: karatasi iliyopakwa gundi, ikaokwa kwa joto na oili miaka mingi hadi ikashikamana na chuma juu na chini. Trekta nyingi pia zina pini mbili za kuongoza mfuniko, zilizoingia kwa kubana. Hapo ndipo kutu hufanya kazi yake.

Kabla ya kutumia nguvu, kwangua tope na grisi, sugua ukingo kwa brashi na mafuta ya taa. Mara nyingi utakuta bolti moja iliyozikwa humo, au iliyofichwa chini ya kishikizo cha usukani. Kisha weka gia huru, la sivyo uma za gia, yaani vyuma vinavyosukuma gia, zitanasa ndani.

Mwagia mafuta ya kulegeza kutu kwenye pini na mstari wa gasketi, yalale usiku kucha. Kesho yake weka kipande cha mbao ubavuni mwa mfuniko, ugonge kwa nyundo ya kilo moja hivi, kona baada ya kona. Sikiliza: mlio mzito ukigeuka kuwa kama wa kitu kitupu ndani, gasketi imeachia.

Tazama ukingoni kama kuna matundu yenye nyuzi yasiyo na bolti, yanayopenya mfuniko lakini hayaendelei kwenye chuma cha chini. Hayo ni ya kunyanyulia. Ingiza bolti, kaza nusu mzunguko huku, nusu kule. Upande mmoja ukitangulia, pini hukaba. Yasipokuwepo, pigilia kisu chembamba cha puti kwenye gasketi yenyewe. Tindo na bisibisi ziache kabisa: alama moja tu kwenye uso wa chuma, na oili inaweza kuvuja hata ukibadilisha gasketi mara tatu. Mtaimbo ni hatari zaidi, maana chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka.

Mfuniko umepanda milimita tatu kisha ukakwama? Acha kuvuta. Chezesha wenzo wa gia taratibu huku mwenzako akiinua wima. Kwenye baadhi ya trekta gololi na springi za kushikilia gia huchomoka hapo, kwa hiyo inua polepole na uwe na kitambaa cha kuzidaka.

Bolti zichomeke kwenye boksi la karatasi kwa mpangilio uleule. Ndefu ikiingia tundu la fupi, inaweza kugota kabla ya kubana au kupasua chuma.