Je, Wajua Kwa Nini Riwaya za Kisayansi Zimejaa Manabii na Makuhani?

Anayefungua riwaya ya kubuni ya kisayansi hutarajia vyombo vya anga na sayari za mbali, lakini mara nyingi hukutana pia na makuhani, bishara na vitabu vitakatifu. Hilo si pambo la hadithi. Waandishi hawa wanarudia swali la kale la siasa: wachache wanawezaje kuwatawala wengi bila kuweka askari mlangoni pa kila nyumba?

Isaac Asimov alilijibu waziwazi katika Foundation, iliyotoka kama kitabu mwaka 1951. Sayari ya Terminus haina jeshi la maana, ila inao ujuzi wa nyuklia ambao falme jirani zimekwisha kuupoteza. Viongozi wake wanauvika ujuzi huo joho la dini: wanaoendesha mitambo katika falme hizo wanafanywa makuhani, wanafundishwa namna ya kuiendesha bila kuelezwa kwa nini inafanya kazi, na wengi wao wanaamini kwa dhati. Utawala wa Anacreon, mojawapo ya falme hizo, unapotuma manowari ya angani kuishambulia Terminus, kuhani aliyemo ndani anailaani. Taa zinazimika, mitambo inasimama, na askari wanaasi kwa hofu. Kilichoizima ni kifaa kilichotegwa na watu wa Terminus walipoikarabati. Bila kifaa hicho laana ingekuwa maneno matupu, na bila laana, kuzimika kwa taa kungeonekana kuwa hitilafu ya kawaida tu.

Dune ya Frank Herbert, ya mwaka 1965, kwa maoni yangu ndiyo iliyolichimba suala hili kwa kina zaidi. Bene Gesserit, jumuiya ya wanawake wenye mafunzo ya siri, hupanda hekaya katika sayari mbalimbali ili mwenzao akifikwa na hatari huko apokelewe kama mtu aliyetabiriwa. Jessica, mmoja wao, anapofika katika sayari ya Arrakis, mtumishi Mapes anamwonyesha kisu kitakatifu cha Wafremeni, wenyeji wa jangwa la huko, na kumwuliza maana yake. Jessica hana uhakika. Anaanza kutamka neno moja la kubahatisha, na kabla hajamaliza Mapes anapiga ukelele, kwa kuwa bishara imetimia. Mwanawe Paul anatangazwa kuwa Mahdi na kwa jeshi la Wafremeni anatwaa kiti cha enzi. Hata hivyo, imani iliyopandwa kama hila haibaki mikononi mwa aliyeipanda: Paul anaiona vita takatifu katika maono, anashindwa kuizuia, na katika Dune Messiah ya mwaka 1969 anawahesabu mwenyewe waliouawa kwa jina lake kuwa bilioni 61.

Margaret Atwood hakuhitaji sayari nyingine. Katika The Handmaid's Tale ya mwaka 1985, watawala wa Gilead, dola ya kidini iliyobuniwa na mwandishi, wanahalalisha utumwa wa uzazi kwa kisa cha Raheli, aliyemtoa mjakazi wake Bilha amzalie watoto, katika Mwanzo 30, huku Biblia yenyewe ikifungiwa sandukuni na wanawake wakikatazwa kusoma. Msimulizi, mmoja wa wanawake hao watumwa, anasikia heri ikitajwa kwa walio kimya. Anajua kwamba maneno hayo yamechomekwa katika maandiko, lakini hana pa kuyahakiki.

Octavia Butler anaitazama imani inayoanzia chini. Katika Parable of the Sower ya mwaka 1993, Lauren Olamina, binti wa mchungaji, anaandika mafundisho yake mwenyewe, kwamba Mungu ni Mabadiliko na kwamba mwisho wa safari ya wanadamu ni kwenye nyota. Katika kitabu kinachofuata, cha mwaka 1998, wafuasi wa rais aliyepanda kwa mgongo wa kanisa wanaiteka jumuiya yake na kuigeuza kambi ya mateso, ila mafundisho yanasalia na kuenea. Wafuasi wa Olamina wanapoondoka duniani hatimaye, chombo chao kimepewa jina la Christopher Columbus, na yeye aliyeianzisha imani hiyo alikuwa amelipinga jina hilo.