Mkwaruzo wa Bi Kidude

Kazi yangu ni kuhamisha sauti kutoka kwenye kanda za zamani kuziingiza kwenye kompyuta. Wateja huniletea harusi, mawaidha, salamu za wazee waliokwishatangulia. Safari hii nilijipa kazi mwenyewe: kanda ya mama, aliyoirekodi kutoka redioni zamani tukiishi Ng'ambo, mjini Unguja, Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, akiimba.

Kanda ilikuwa inavuma kama pampu ya jiko la mafuta. Nikaisafisha kwa mbwembwe zote za fundi. Programu hizi unazionyesha kwanza kipande ambacho hakuna anayeimba, zinajifunza kelele yenyewe ikoje, kisha zinaifuta kanda nzima. Nikakaza mpaka pakawa kimya. Nikamwita mama. Akasikiliza kidogo, akaniuliza, "Huyu nani, mwanangu?"

"Si Bi Kidude huyo, mama."

"Bi Kidude gani huyo, kama kalambishwa asali?"

Niliudhika kidogo, maana nilikesha. Lakini nilipoirudia kanda asili nikaona nilichofanya. Nyuzi za sauti kooni mwa mwanamke hutetemeka kama mara 200 kwa sekunde, na zikikutana vizuri, mtetemo unakuwa wa mpangilio, sauti inatoka laini. Za mtu aliyeimba miaka mingi na kuvuta sigara, kama Bi Kidude, ambaye hakulificha hilo kamwe, huweza kuwa nene na zisifunge sawasawa. Pumzi inapenya pembeni na mpangilio unavurugika. Ule mkwaruzo tunaoupenda, kwa hesabu za kompyuta, ni kelele tu, ndugu wa ule mvumo wa kanda. Programu ikavifuta vyote viwili.

Muziki wenyewe haukuguswa. Fidla ipo, maneno yapo, mahadhi yapo. Kilichoondoka ni yeye.

Hapo ndipo nilipoelewa mtoto anahifadhi nini. Nilipokuwa mdogo nilisikia "Muhogo wa Jang'ombe" nikaamini kabisa kwamba habari ni ya muhogo, tena nikatamani wa nazi. Taarabu imejaa mafumbo, na mafumbo hayakuwekwa kwa ajili yetu watoto. Kwa hiyo maana ilinipita yote. Nilichobaki nacho ni rangi ya sauti, na hiyo haingoji uijue lugha: mtoto mchanga wa siku chache tu huitambua sauti ya mama yake kati ya wanawake wengine, kwa sababu alianza kuisikia angali tumboni. Maana ya wimbo nimeipata ukubwani, nikacheka peke yangu kwenye daladala. Sauti ilikuwa imeshakaa kitako zamani.

Wala haihitaji mtambo mzuri ili ikae. Simu ya kawaida ilipitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na bado ulimjua shangazi yako alipotamka "hodi". Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyemtangulia Bi Kidude, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, kila upande ulibeba kama dakika tatu, na nyimbo zilizozoea kunyooshwa usiku kucha zikabanwa humo. Bado alitoka mzima. Na Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alijifunza kwa kumsikiliza Siti huyo tangu msichana. Hakuandikiwa noti na mtu. Kisha akaipitisha sauti kwenye ngoma ya msondo na unyago, ikawa yake. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, nilikuwa kazini, nikazima mitambo.

Kanda ya mama nimeifanya upya. Safari hii nimepunguza mvumo kidogo sana, pale chini tu, na juu ambako sauti yake haifiki. Palipo na mkwaruzo sikugusa. Kuna jogoo anawika katikati ya ubeti wa pili, bila shaka wa jirani, naye nimemwacha.

Mama alikaa na kikombe cha chai mkononi mpaka ikapoa. Wimbo ulipokwisha akanitazama kwa ukali.

"Sasa mbona huigeuzi?"

Nikamwambia hii ni kompyuta, mama, haina upande wa pili.

"Igeuze," akasema.