Je, wajua kwa nini klabu ya Rotary ya Uganda (Rotary ni chama cha dunia nzima cha watu wanaojitolea kusaidia jamii) ikitaka kuchimba visima inaanza kwanza kutafuta rafiki ng'ambo?

Kuna kisima kimoja pale Bweyale, njia kuu ya kwenda Gulu, pampu ya mkono ile tunayoiita U2, jerikeni za njano zimepanga foleni tangu alfajiri. Pembeni kuna kibao cha simenti kimechorwa gurudumu la meno, alama ya Rotary, na chini yake majina mawili, moja la klabu ya Kampala na lingine la mji fulani wa Marekani ambao hata kuutamka ni kazi. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anangoja zamu, mama, hawa wa pili ni nani? Akacheka. "Si ni wale bazungu walikuja wakapiga picha, mwanangu."

Sasa mimi nilikuwa nadhani kama yeye, kwamba mzungu kaleta hela, Mganda kapokea, kibao kimewekwa, basi. Kumbe mambo hayako hivyo kabisa.

Iko hivi. Mradi mkubwa wa Rotary, ule wa kuanzia dola 30,000 kwenda juu, hauwezi kupata pesa za mfuko wao mkuu kama hauna klabu mbili za nchi mbili tofauti. Moja lazima iwe pale pale mradi ulipo, inayojua lugha, njia, mwenyekiti wa kijiji na fundi gani ni mwongo, nyingine iwe nje. Zote mbili zinaweka jina na zote mbili zinaandika ripoti, ikiharibika zote mbili zinaulizwa. Kwa hiyo klabu ya Kampala inatafuta mwenzake kama mtu anavyotafuta mchumba, kwa barua, kwa simu za usiku sababu kule ni mchana, na kwa kukutana kwenye mikutano yao mikubwa ya dunia.

Na hela zenyewe zinatoka wapi? Hapa ndio nilipopenda. Mwanachama yeyote, awe wa Mbarara au wa Ulaya, akitoa mchango wake wa mwaka kwa mfuko, ile pesa haitumiki leo. Inakaa miaka mitatu inazalisha kwanza, halafu karibu nusu inarudi kwa wilaya yake (wilaya ya Rotary, yaani kundi la klabu za eneo moja, sio ile ya serikali) na nyingine inaenda chungu cha dunia nzima. Klabu mbili zikishakubaliana, zinaleta za mfukoni, wilaya zao zinaongeza, na kile chungu cha dunia kinaongezea juu. Yaani katika kile kisima cha Bweyale huenda kuna shilingi za daktari wa Kampala aliyezitoa miaka mitatu nyuma akashasahau!

Ukiwatembelea siku ya kikao utashangaa, maana ni watu wanakula, wanacheka na kutozana faini. Kuna mtu kazi yake ni faini tu, wanamuita sajenti, anapita na kikopo. Umechelewa, toa. Simu imelia, toa. Umenunua gari jipya na hukutuambia, toa mara mbili. Mimi nilitozwa elfu tano kwa kosa la kuvaa jezi ya Arsenal siku waliyofungwa, na nilikuwa mgeni jamani. Hizo faini zenyewe hazichimbi kisima, lakini zinawafanya watu warudi wiki ijayo, na mtu anayerudi kila wiki ndiye utakayempata siku ya kwenda Bweyale saa kumi na moja alfajiri. Chama chenyewe kilianza hivyo hivyo, wakili Paul Harris na wenzake watatu wanakutana Chicago tarehe 23 Februari 1905, leo ofisi ya huyu kesho ya yule, kuzunguka huko ndiko kulikozaa jina. Kampala klabu ikaingia 1957, kabla hata ya uhuru.

Ila kisa ambacho kinaonyesha hii ya nchi mbili vizuri zaidi ni cha 1975. Wakati huo ni Amin, ubalozi wa Marekani Kampala umeshafungwa tangu 1973, serikali hizi mbili haziangaliani usoni. Kuna mtoto wa kike Mganda ana tatizo la moyo na upasuaji hapa haupo. Warotary wa Kampala wakaongea na wenzao wa Manhasset, kule New York, mtoto akapelekwa, akapasuliwa, akapona. Wale wa Manhasset wakaona kumbe inawezekana, wakaendelea, na ndivyo lilivyozaliwa shirika la Gift of Life ambalo limeshasaidia makumi ya maelfu ya watoto wenye shida ya moyo dunia nzima. Limeanzia kwa mtoto wetu, na wengi wetu hatujui.

Sitasema kila kitu ni kizuri. Wageni wengi wanajilipia tiketi wenyewe, hilo niwape, lakini kuna safari mtu anatoka mbali hivyo anakuja kupaka rangi ukuta wa darasa, na fundi wa Bweyale yuko hapo nje amekaa juu ya ndoo hana kazi. Hiyo mimi sijaielewa mpaka leo. Afadhali yule anayekuja kufundisha nesi kutumia mashine halafu anaiacha.

Tena siyo kila kitu ni cha mchumba wa ng'ambo. Ile Cancer Run ya kila Agosti, iliyoanza 2012, ni fulana tu, watu wananunua, wanakimbia (wengine wanatembea huku wanakula rolex, ile chapati ya kuviringisha na mayai), na pesa zinaenda kujenga huduma ya kansa hospitali ya Nsambya. Na safari siku hizi ni ya pande mbili, Makerere kuna kituo cha amani cha Rotary, cha kwanza Afrika, watu wanatoka nje kuja kusoma kwetu. Sam Owori wa klabu ya Kampala alishachaguliwa kuwa rais wa Rotary dunia nzima kwa 2018/19, akafariki Julai 2017 kabla hajakalia kiti.

Nikarudi kwa yule mama wa Bweyale. Nikamuuliza washa za pampu, vile vipira vya ndani, zikiisha nani ananunua, wale wa picha? Akaniangalia kama nimerukwa na akili, akatoa daftari kwenye mkoba. Kila nyumba shilingi elfu moja kwa mwezi, majina yamepangwa kwa kalamu ya bluu, wasiolipa kwa nyekundu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa kwenye nyekundu, miezi minne.