Kusomea sanaa za maonyesho Dodoma: kazi yenyewe iko upande gani?

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. Kijana amemaliza kidato cha sita, anataka kusomea sanaa za maonyesho, nyumbani wamekataa. Wakati mwingine anayepiga ni mzazi mwenyewe: "Mwalimu, huyu mwanangu anataka kwenda chuo kikuu akasomee kuigiza. Hivi kweli hilo nalo linasomewa?" Wote huwajibu kitu kimoja. Kama anakwenda kusomea kuigiza tu, abaki nyumbani. Shahada hiyo ina kuigiza ndani yake, ila kuigiza ndiko kwenye ajira chache kuliko kwingine kote, na wanaokugombania ni wengi, wakiwemo wasiowahi kuingia darasani.

Mimi naandika na kuongoza maigizo, mengi yakiwa ya redio na ya viwanja vya vijiji, hapa Dodoma na mikoa ya jirani. Ndiyo kazi ninayokula nayo. Napokea pia wanafunzi wanaokuja fildi, kwa hiyo nawaona wakiwa bado wabichi na nawaona baadaye wakiwa wanatafuta kazi. Naandika nikiwa upande huo wa meza.

Tuanze na wapi, tulimalize haraka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa hizi tangu miaka ya 1960. Bagamoyo kulianzishwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ndicho leo tunachokiita TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hapa kwetu kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilichoanza 2007, kinachosomesha tamthilia na filamu kwa pamoja. Anayetaka mwili wake ucheze ngoma, upige vyombo na uruke sarakasi, Bagamoyo itamfaa. Anayetaka kuandika, kuongoza, kutafiti na kusimamia, aende chuo kikuu. Waliopita kote kuwili ndio hatari zaidi, na wanaringa kwa haki.

Sasa huko darasani wanafanya nini? Kuna pumzi, sauti na mwili, ambavyo ndugu zako watavicheka wakikukuta unalala chali sakafuni unahesabu pumzi. Waache wacheke. Lakini somo linalotenganisha watu ni uchambuzi wa mswada kwa ajili ya jukwaa. Wanafunzi wengi wamesoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein sekondari, wakakariri dhamira, wahusika na mafunzo, wakajibu mtihani, basi. Ukiwapa tamthilia hiyo hiyo waiongoze, maswali yanageuka. Kinjeketile, kiongozi wa Vita vya Maji Maji, anaingia mtoni na baadaye anatoka. Mto huo utauonyeshaje wakati bajeti yako haitoshi hata ndoo ya maji? Kwa kitambaa? Kwa miili ya waigizaji? Kwa sauti tu, jukwaa likiwa giza? Na anapotoka, watazamaji wamwone kwanza au wamsikie kwanza? Kila jibu linabadilisha kama watu watamwamini mtu huyu au watamshuku, na mashaka hayo ndiyo roho ya tamthilia nzima. Mwanafunzi aliyepitia zoezi hilo kikamilifu amejifunza kuamua, na kutetea uamuzi wake mbele ya watu wanaompinga. Hicho ndicho ninachokinunua ninapoajiri.

Kitu kingine ninachokinunua ni usimamizi wa jukwaa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna anayeingia chuo akiota kuwa msimamizi wa jukwaa. Ndiye mwenye daftari kubwa lenye mswada mzima, na pembeni ya kila mstari ameandika nani anaingia, kutokea wapi, kashika nini, taa ipi inawaka, sauti ipi inazima. Anajua kanga iliyochanika ilishonwa na nani na irudishwe kwa nani. Anapiga simu alfajiri kumwamsha mwigizaji mkuu. Siku ya onyesho mwongozaji hana kazi tena. Anakaa nyuma na kutafuna kucha, na anayeendesha chombo ni msimamizi. Mtu mwenye ujuzi huo anaweza kuendesha mkutano, uzinduzi, harusi, matangazo ya moja kwa moja ya televisheni, sherehe ya kitaifa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, Dodoma imekuwa mji wa mikutano na hafla, na hafla nyingi zinaharibika kwa sababu hakuna mtu mmoja mwenye daftari. Kwa wanafunzi niliopata kuwaona, wasimamizi wa jukwaa ndio wanaopata kazi mapema kuliko waigizaji. Waigizaji hawapendi nikisema hivi.

Baada ya hapo kuna uwanja. Vyuo vyetu vingi hufundisha jukwaa la ukumbini, watazamaji wakiwa upande mmoja na waigizaji upande wa pili. Mpeleke mwigizaji huyo mnadani. Watu wamesimama pande zote, mbuzi wanalia, moshi wa nyama unapita, na upepo wetu wa kiangazi unachukua kila neno na kulipeleka Singida. Ukimgeuzia mgongo mtazamaji kwa dakika mbili, ameondoka kwenda kuuliza bei ya ng'ombe. Hapo ndipo inabidi kurudi kwa wenyeji wa mkoa huu ujifunze upya. Waangalie akina mama wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma zimebanwa kati ya mapaja, mmoja anaanza na wengine wanaitikia. Wimbo unaoitikiwa unapita mara mbili, kwa hiyo aliyekosa kusikia mara ya kwanza atasikia ya pili. Mzunguko wenyewe hauna nyuma wala mbele. Mambo haya yalikuwa mbinu za jukwaa kabla hatujayaandikia mtaala.

Hukwe Zawose alitoka kwenye udongo huu huu. Aliichukua ilimba, ile ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze ya Kigogo, akafundisha Bagamoyo, akazunguka dunia nayo hadi alipofariki mwaka 2003. Mathias Mnyampala, Mgogo wa hapa hapa Dodoma, ndiye tunayemkumbuka kwa ngonjera, yale mashairi ya majibizano ambayo baada ya Azimio la Arusha la 1967 yalienea mashuleni na kwenye mikutano ya hadhara. Ukiitazama ngonjera kwa jicho la mwandishi wa tamthilia, utaona ni mgogoro uliokwisha pangwa: mmoja haelewi au anapinga, mwingine anamjibu, na hadhira inachagua upande. Mwanafunzi anayesoma Dodoma asiyewahi kwenda Chamwino kuona tamasha la muziki wa Wagogo, simwelewi. Ni mwendo wa daladala tu.

Kutoka hapo tunaingia kwenye kazi inayowalipa wengi wetu katika mikoa hii ya kati, yaani sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Wahadhiri wa Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba wakiwa mstari wa mbele, waliijenga njia hii kwa kukaa na wanavijiji. Mfano unaotajwa sana ni wa Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambako wanakijiji wenyewe waliigiza tatizo la mimba za wasichana na kulijadili. Utaratibu wake unaeleweka: mnatafiti kijijini pamoja na wenyeji, mnachambua mlichokipata, mnabuni igizo, mnalionyesha, kisha mnajadili na kufuatilia. Wengine tunaongeza mbinu ya Augusto Boal wa Brazil, ya kusimamisha igizo pale pabaya na kumwita mtazamaji aje aonyeshe yeye angefanya nini. Mbinu hiyo ina raha yake. Nimeona wazee waliokaa kimya mkutano mzima wakivua kofia na kuingia uwanjani kumfundisha mwigizaji namna ya kugombana na mkwewe.

Tatizo ni hatua ya kwanza. Mfadhili huja na ujumbe umeshapikwa Dar es Salaam, umewekwa kwenye mabango, na anataka igizo la dakika ishirini liuseme. Utafiti hauna fungu. Kuna mmoja aliyetaka tuigize kuhusu kunawa mikono katika kijiji ambacho kiangazi kile wanawake walikuwa wanaamkia kisimani usiku wa manane. Hapo ndipo shahada inapopaswa kukupa mdomo. Unatakiwa uweze kuandika ukurasa mmoja wenye hoja, kwamba igizo hilo watu watalicheka, na hiki hapa ndicho tunachoweza kufanya badala yake. Msanii asiyejua kuandika andiko la mradi huishia kuchukua posho na kuigiza anachoambiwa.

Halafu kuna redio. Wanafunzi wa leo wanaidharau kwa sababu haina uso. Wasikilize kisa hiki, kinaihusu Dodoma. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa mfululizo uitwao Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, ukihusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Watafiti walitaka kujua kama kweli mchezo wa redio unaweza kubadili mwenendo wa watu, kwa hiyo ulirushwa karibu nchi nzima isipokuwa eneo linalohudumiwa na kituo cha Dodoma. Kwa miaka miwili watu wa hapa walisikiliza vipindi vingine. Sisi tulikuwa kipimo cha kulinganishia. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule ulikosikika kuliko huku, na uliporuhusiwa kusikika Dodoma kuanzia 1995, mabadiliko ya namna hiyo yakaonekana na huku. Matokeo yalichapishwa 1999 na yanasomwa duniani kote.

Kilichofanya kazi ni ufundi. Njia hiyo ilitengenezwa na Miguel Sabido huko Mexico katika tamthilia za televisheni, na inadai wahusika wa aina tatu. Yupo anayefuata mwenendo mwema na kufaidika, yupo anayeukataa na kuumia, na yupo wa katikati anayeyumba, leo huku kesho kule, mpaka anafika. Huyu wa katikati ndiye msikilizaji. Ukimfanya abadilike haraka, msikilizaji anakuona mwongo. Ukimchelewesha mno, anazima redio. Katika Twende na Wakati alikuwepo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu ambaye polepole alianza kusimama kwa miguu yake. Watu walimchukia Mkwaju kwa dhati, na chuki hiyo ilifundisha kuliko hotuba yoyote ya daktari. Kuandika mhusika kama huyo, anayependeza kiasi cha kusikilizwa na kuudhi kiasi cha kutofuatwa, ni kazi ya miezi, na waandishi wanaoiweza ni wachache. Ongeza na wale wanaotia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki unazoziona kwenye king'amuzi. Ni waigizaji wale wale wa pumzi na sauti, na hakuna anayewajua kwa sura.

Kuna mambo vyuo huyagusa juu juu na yanawagharimu wahitimu. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1984, inasajili wasanii na shughuli za sanaa. Filamu na michezo ya kuigiza iko chini ya Bodi ya Filamu, kwa Sheria Na. 4 ya 1976. Mswada wako unalindwa na sheria ya hakimiliki ya 1999 maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, isipokuwa kama umeutia saini uende. Na vijana wanatia saini! Anapewa laki mbili tatu, mkataba unasema haki zote milele katika vyombo vyote, naye anapiga picha na bahasha. Soma mkataba. Uliza kama unauza mswada au unakodisha matumizi yake, mara ngapi, na katika vyombo gani.

Sitaficha kwamba kamera ziko Dar es Salaam. Ukitaka kuonekana kwenye Bongo Movie au tamthilia za jioni, utapanda treni ya umeme ukatafute chumba Sinza kama wenzako. Lakini usiihesabu miaka mitatu ya Dodoma kama ya kusubiri kwenda huko. Kabla ya kuchagua chuo, nenda ukaulize maswali machache ya kero. Mwaka jana wanafunzi wa mwaka wa mwisho walionyesha nini, wapi, na nani alikuja kutazama ambaye hakuwa mhadhiri wao? Wanafunzi wanashika taa na kamera wenyewe au wanaelezwa tu? Kuna kozi ya kuandika kwa ajili ya redio? Mwanafunzi anahitimu na kazi mkononi au na cheti tu? Usiogope kuonekana mjuaji.

Kwa wanaotaka kuja fildi kwangu msimu ujao: kazi nyingi za vijijini tunazifanya kiangazi, kwa sababu kuanzia Desemba mvua zikishika watu wako shambani na hakuna wa kumwigizia. Picha mlizopiga mkiwa na maleba sizihitaji. Leteni mswada wa redio wa dakika kumi na tano mlioandika wenyewe, na daftari la usimamizi wa onyesho lolote, hata la kanisani au la mahafali ya shule, likiwa na makovu yake ya kalamu. Barua ya chuo tutaishughulikia baadaye.